Kwaresima Walipokuja Kuigiza Maisha ya Padre

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Kwa miaka mingi katika daftari zangu nimeandika mambo ya roho tu: masomo ya siku, majina ya wakatekumeni, nia za Misa. Katika hili naandika habari za watu, kwa kuwa Paroko ameniagiza. "Katekista," alisema, "wageni hawa watakuwa nasi mpaka karibu na Pasaka. Andika unayoyaona, maana wewe ndiye uliyebaki." Alitaka kusema kwamba wote waliofanya kazi bega kwa bega na Padre wamekufa isipokuwa mimi.

Wageni ni watu wa filamu. Wamekuja kuigiza maisha ya Padre, mmisionari aliyejenga Makazi haya ya wagonjwa wa ukoma na kuishi nao miaka thelathini na mmoja, wakati ndugu zao wenyewe walipowatupa kama makapi. Wana malori mawili, jenereta, na masanduku ya taa yasiyohesabika. Mkuu wao wanamwita Mwongozaji. Ni mtu wa makamo, mpole, mwenye vipokea sauti shingoni hata anapokula. Alinipa mikono yote miwili, akasema kazi yangu ni kuwasahihisha kila wanapokosea, na mwishoni nitatia sahihi karatasi isemayo kwamba yaliyoonyeshwa ndiyo yaliyotokea.

Nilimjibu kwamba kumbukumbu yangu ni njema, namshukuru Mungu. Nilijivuna kidogo niliposema hivyo, na majivu yangali kwenye paji la uso wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua tangu alfajiri. Hawakupiga picha yoyote. Njia ya Msalaba tulikuwa watu tisa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimewapeleka wageni kuwaona wazee wa Makazi. Zamani walipita mia nne. Sasa wamebaki sita, wote walipona kitambo, lakini aliyekwisha kuliliwa na ndugu zake kama maiti hana mlango wa kurudia. Wanakaa katika safu moja ya vyumba vya bati, kila kimoja na benchi la saruji mbele yake.

Wa kwanza tuliyemfikia ni yule tunayemwita Bibi Sindano. Aliletwa akiwa na miaka kumi na mitatu. Mimi nilikuwa na kumi na tisa, nimeacha seminari kwa kuugua kifua, na Padre alikuwa amenipa kazi ya ukalimani na kuandika daftari la wagonjwa. Vidole vyake vyote kumi vipo, vimenyooka. Ndiye aliyewashonea wenzake nguo, mashuka na sanda. Walikuwa wakimcheka kila alipojichoma na sindano, kwa kuwa yeye alipiga kelele "ai!" katikati ya watu ambao wangeshika kaa la moto wasijue. Padre alimwombea siku tisa mfululizo alipofika, na baada ya hapo ugonjwa haukusogea hata kidogo. Muujiza huo nimewasimulia wakatekumeni kwa zaidi ya miaka hamsini. Mwongozaji anasema ndio moyo wa filamu yote. Tukio la mwisho litamwonyesha Bibi mwenyewe, ameinua mikono yake mbele ya kamera.

"Bibi," alimwambia, "tuna binti atakayekuigiza ulipokuwa mdogo. Utamfundisha?"

"Mzuri?"

"Mzuri sana."

"Basi bado hamjapata. Mimi nilikuwa nimepita kuwa mzuri. Ugonjwa wenyewe uliniona ukaona haya."

Kutoka benchi la pili, jirani yake akadakia, "Msimsikilize huyo! Mzuri nilikuwa mimi. Bahati yake ushahidi umeliwa." Huyu tunamwita Mwimbishaji. Aliletwa mwaka mmoja baada ya mwenzake. Hana vidole, na macho yake yalizimika zamani, lakini sauti yake ni ya msichana, na hakuna ibada inayoanza kanisani mwetu kabla yeye hajatoa wimbo. Kila jioni husali rozari moja kwa ajili ya Padre.

Wageni walicheka mpaka wakafuta machozi. Nami nilifurahi.

Alhamisi, 13 Machi

Mwigizaji wa Padre alikuja kuuliza jinsi Padre alivyotembea. Nilimwonyesha. Akasema, "Mzee, mbona kama alikuwa na haraka?" Nikamjibu kwamba alikuwa mmoja, na wagonjwa mia nne.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua kubwa ilinyesha asubuhi, wakangoja ikatike ili wapige picha ya mvua. Walimwaga maji kwa mpira kutoka juu ya ngazi. Mwongozaji alinieleza kwamba mvua ya kweli haionekani vizuri kwenye kamera.

Jumatano, 19 Machi, Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu

Nimekaa muda mrefu kalamu ikiwa mkononi. Nitaandika kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa kuungama.

Leo walifanya mazoezi ya tukio la upimaji. Upimaji wenyewe ulikuwa hivi. Ukoma huitia ngozi ganzi. Basi aliyeletwa na baka mwilini aliketishwa, akafumba macho, na Padre akampitishia uzi mwembamba wa pamba hapa na pale: shavuni, mkononi, na juu ya lile baka. Kila alipohisi, alipaswa kuonyesha mahali kwa kidole. Asipoonyesha baka lilipoguswa, ilihesabiwa kwamba hapo hana hisia, nami niliandika daftarini: *Hasikii. Apokelewe.* Hatukuwa na hadubini, wala daktari. Tulikuwa na pamba.

Waigizaji walikuwa watatu: Padre wao, binti anayemwigiza Bibi Sindano, na kijana mwembamba mwenye daftari, ambaye ni mimi. Binti alifumba macho. Pamba ikapita shavuni, akaonyesha. Mkononi, akaonyesha. Ikapita nyuma ya paja la kushoto, kwa juu ya nguo kwa heshima, naye akatulia kimya, kama ilivyoandikwa.

Bibi Sindano alikuwa ameketi kitini, blanketi magotini. Akaangua kicheko.

"Si hivyo, mwanangu! Unakaa kama gogo. Mimi nilibana miguu."

Binti alifumbua macho. "Ulibana? Kwa nini, Bibi?"

"Si nilitekenywa? Wewe ukipitishiwa pamba huko nyuma hutabana? Nilijing'ata mdomo nisicheke."

"Kumbe ulihisi?"

"Nisihisi vipi, mimi ni mlango?"

"Sasa mbona hukuonyesha?"

"Nionyeshe wapi? Pajani? Mbele ya Padre? Na huyu hapa," akaninyooshea kidole mimi, "kijana wa watu kasimama na daftari? Mama yangu alinifunza kwamba huko hakuguswi wala hakuonyeshwi. Nilidhani Padre ananipima adabu. Kimya changu chote kile, moyoni nilikuwa nasema: nimefaulu!"

Walicheka wote. Mwongozaji alipiga makofi. "Hiyo tunaichukua! Ubane miguu, ung'ate mdomo, usionyeshe. Safi kabisa!" Wakaanza tena tangu mwanzo.

Hakuna aliyeniangalia. Nilitoka nje, nikasimama chini ya ukingo wa bati, maji yakinidondokea begani. Niliyasikia maneno yale kama mtu anayesomewa hukumu katika lugha ambayo yeye peke yake ndiye anayeijua humo chumbani. Alihisi. Msichana yule alihisi. Hakuwa mgonjwa.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Sikwenda. Nilimwambia binti yangu kwamba mgongo unaniuma.

Ijumaa, 21 Machi

Daftari la wagonjwa limo katika kabati la sakristia, chini ya kanzu kuukuu. Nililifungua baada ya Njia ya Msalaba. Mwandiko ni wangu, ule mzuri wa seminari. *Msichana, miaka 13. Baka moja, paja la kushoto, kwa nyuma. Alama nyingine: hakuna. Hasikii. Apokelewe.*

Nimejaribu kuikumbuka siku yenyewe. Nakumbuka dirisha. Nakumbuka baba yake akisubiri nje, ametupa mgongo, asigeuke. Lakini miguu yake ikibana siikumbuki, na sababu naijua. Seminari walitufundisha kuyalinda macho. Msichana aliposogeza nguo, mimi niliyainamisha kwenye karatasi, nikajiona mtakatifu. Padre alikuwa akikitazama kidole cha msichana. Mimi niliyekulia nyumba kama ya kwao, niliyejua jinsi wasichana wanavyolelewa, ndiye niliyepaswa kumwambia Padre: huyu hawezi kuonyesha hapo, hata umuue. Haikunijia kabisa.

Jumatatu, 24 Machi

Nilimpelekea muuguzi wa zahanati lile daftari. Nilifunika jina kwa kiganja. Ni mwanamke mwenye maneno machache. Alisoma, akauliza, "Baka lilikuwaje?"

"Jeupe kidogo, lenye ungaunga. Lilitoweka baada ya majuma matatu."

"Na kabla ya kupotea alipakwa nini?"

"Mafuta ya salfa. Padre aliwapaka wote wenye ngozi kavu."

Alinirudishia daftari. "Mzee, hiyo ni choa. Watoto wa shule wanaitibu kila siku."

"Lakini daktari wa hadubini alipokuja miaka kumi baadaye, alimpima akasema amepona."

"Hadubini haiwezi kujua kama umepona au hukuugua kamwe. Inaona tu kwamba hakuna kitu." Kisha akaniangalia vizuri. "Ni nani huyu?"

Nilifunga daftari. Nadhani alijua.

Alhamisi, 27 Machi

Nilikwenda kwa Bibi Sindano ili nimwambie. Tuliongea habari za bati linalovuja. Nikarudi.

Jumapili, 30 Machi

Baada ya Misa nilimweleza Paroko yote. Ni kijana kwa umri, angeweza kuwa mjukuu wangu, lakini ni padre, nami nilimpigia goti. Alizungusha pete ya funguo.

"Katekista, una hakika?"

"Nina hakika, Baba."

"Yeye mwenyewe analalamika?"

"Hajui. Anajua alihisi; hajui kwamba pamba ile ilikuwa ikiuliza swali gani."

"Ana miaka sabini na miwili. Anaamini kwamba Mungu alimponya kwa mikono ya Padre. Utamwambia nini sasa? Kwamba hakuponywa? Unamnyang'anya muujiza, unampa nini badala yake?"

Akaendelea kwa sauti ya chini kwamba Askofu anakusanya ushuhuda juu ya utakatifu wa Padre, na kwamba mikono ya Bibi Sindano ni ushuhuda wa kwanza. Hakunikataza. Nitamtendea haki: hakunikataza. Alisema tu nisali, na nisiwe na haraka.

Sijawahi kuwa na haraka maishani mwangu. Leo ndipo nilipoona kwamba si kila mara hilo lilikuwa fadhila.

Jumatano, 2 Aprili

Nilikwenda tena. Tuliongea habari za bati. Amewekea beseni chini ya mvujo, na kila nusu saa huliinua na kulimwaga nje.

Jumamosi, 5 Aprili

Walipiga picha ya Padre akimkumbatia yule binti langoni. Binti alilia vizuri sana. Ilibidi nigeuke.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimemuuliza Mwongozaji mbona filamu haina mtoto wa Bibi Sindano. Alisema, "Mzee, filamu ina saa mbili tu. Na habari ile inamtia Padre doa kidogo, sivyo?"

Habari yenyewe ni fupi. Akiwa na miaka ishirini aliolewa na fundi viatu, mgonjwa mwenzake, mtu mwema. Akazaa binti. Ilikuwa kanuni kwamba mtoto wa mgonjwa achukuliwe saa ileile kabla hajanyonya, apelekwe kwa watawa ng'ambo ya bonde, asije akaambukizwa. Jumapili wazazi waliruhusiwa kuwaona watoto kutoka upande wa pili wa waya. Mtoto yule aliishi miaka mitatu na miezi miwili, surua ikamchukua. Bibi Sindano alimshonea sanda, akaipitisha juu ya waya. Kuzika hakuruhusiwa. Mimi ndiye niliyeipokea sanda ile. Ilikuwa na pindo lililoshonwa mara mbili, na nakumbuka nilishangaa: nani ataliona?

Baada ya kuandika haya sioni tena njia ya kungoja.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemwambia.

Alikuwa akirudishia kifungo kwenye joho la mwigizaji wa Padre. Mvua ilikuwa nyembamba. Nilikaa kwenye kigoda, nikasema nina jambo la kuungama kwake, na akacheka, akasema yeye si padre, atanipa kitubio kikali. Nilimweleza tangu mwanzo: maana ya pamba, maana ya kidole, maneno niliyoandika. Sindano yake haikusimama.

"Kwa hiyo nilichotakiwa ni kunyoosha kidole tu," alisema.

"Ndiyo."

"Hapa?" Akaligusa paja lake juu ya kanga.

"Hapo."

"Na wewe ulisimama wapi?"

"Kando ya dirisha."

"Hukuniona nikibana miguu?"

"Nilikuwa nimeinamisha macho."

"Kwa nini?"

"Kwa adabu."

"Adabu," alisema. Akakata uzi kwa meno. "Mimi kwa adabu, wewe kwa adabu. Tulikuwa na adabu kweli siku ile."

Kisha akaikunja nguo, akaipapasa, akaikunja upya. Nilidhani atalia. Sauti yake ilikuwa kavu kabisa.

"Mtoto wangu walimchukua nisimwambukize."

"Ndiyo."

"Nisimwambukize nini, Katekista?"

Nimefundisha dini kwa miaka hamsini na minne. Nimejibu maswali ya watoto, ya wazee, ya watu wanaokata roho.

Nilianza kusema kwamba baba wa mtoto alikuwa mgonjwa, kwamba huenda hata hivyo kanuni ingewagusa. Aliinua mkono. "Nenda nyumbani," alisema. "Nenda, maana nikisema neno sasa hivi litakuwa baya, na sijakuandalia baya. Sikujua kama utakuja na jambo hili."

Jumamosi, 12 Aprili

Mlango wake umefungwa.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Hakuja Misa. Mwimbishaji aliuliza kwa sauti, katikati ya maandamano, "Mwenzangu yuko wapi? Leo sindano imemchoma wapi?" Watu wakacheka.

Jumatatu, 14 Aprili

Umefungwa. Nilisikia cherehani ndani.

Jumanne, 15 Aprili

Leo ilikuwa siku ya tukio la mwisho, lile la mikono. Sikutarajia kwamba atakuja. Alikuja mwenyewe kwa miguu, amevaa gauni jeupe alilolishona kwa siku hizi mbili, na Mwongozaji akasema halijawahi kuonekana vazi zuri kuliko hilo. Walimketisha mbele ya altare. Taa ziliwashwa. Paroko alisimama nyuma, mikono kifuani, nami karibu na mlango.

"Bibi," Mwongozaji alisema kwa upole, "ukisikia 'anza', unainua mikono taratibu, unasema: Mungu aliniponya kwa mikono ya Padre. Basi. Tayari? Anza!"

Aliinua mikono. Ilikuwa mizuri kweli kwenye taa ile, kila kidole peke yake.

"Sikuwa mgonjwa," alisema.

"Kata. Bibi, umesahau kidogo. Mungu aliniponya kwa mikono ya Padre. Tunarudia. Anza!"

"Sikuwa mgonjwa. Nilihisi pamba."

"Kata."

Walirudia mara tano. Mara tano aliinua mikono kwa utii, taratibu, kama alivyoelekezwa, na kusema maneno yake. Binti anayemwigiza alikuwa amefunika mdomo; nadhani yeye ndiye wa kwanza aliyeelewa. Baada ya mara ya tano Bibi aliuliza, "Mmechoka ninyi au nimechoka mimi?" Mwongozaji alivua vipokea sauti shingoni kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alitutazama mmoja mmoja, mimi na Paroko, akaamuru taa zizimwe.

Baadaye nilimsikia akimwambia mpiga picha kwamba ile mikono inatosha bila sauti. Wataweka muziki.

Jumatano, 16 Aprili

Bibi Sindano alikuja nyumbani kwangu. Katika miaka hamsini na tisa hajawahi kuvuka lile daraja dogo linalotenganisha Makazi na nyumba za wazima. Hakuna aliyemkataza tangu kanuni zifutwe, hakuja tu. Binti yangu alimpokea mwavuli, akamwita Mama, akamwekea kiti. Hakukaa.

"Wengine?" aliniuliza.

"Wengine gani?"

"Usinifanye mtoto. Siku ile tulikuwa foleni ya wasichana saba. Wote saba tulikuwa na mama."

Niliona aibu kwa namna ambayo sijawahi kuijua. Majuma manne nilikuwa nimelia kwa ajili ya kosa moja, nikalikumbatia, nikalisalia, nikajiona mwenye toba. Haikunijia kwamba pamba ilikuwa ileile, chumba kilekile, na macho yangu yaliinama kwa kila mmoja.

Tulikwenda wote sakristia. Yeye hajui kusoma vizuri, basi nilisoma kwa sauti, yeye akikunja vidole. Tulitafuta wasichana ambao walikuwa na baka moja tu, mahali pasipoonyeshwa, bila alama nyingine yoyote. Paja. Nyonga. Chini ya titi. Paja. Vidole vyake kumi havikutosha, akaanza upya.

Ni kumi na wanne. Kumi na mmoja wamelala makaburini, na sanda zao alizishona yeye. Mmoja alitoroka mwaka wa pili, hajulikani aliko. Nilimwonea wivu kwa niaba yao wote. Wawili wako hai. Mmoja ni yeye.

Jina la pili nilipolisoma, alinishika mkono nisifunge kitabu.

"Rudia."

Nilirudia. *Msichana, miaka 15. Baka moja, nyonga ya kulia. Alama nyingine: hakuna. Hasikii. Apokelewe.* Na chini yake, kwa wino mwingine, miaka sita baadaye: *Ganzi vidoleni, mikono yote miwili.* Ni Mwimbishaji. Aliletwa mzima. Ugonjwa aliupata hapa.

Alhamisi Kuu, 17 Aprili

Watu wa filamu wamefunga mizigo. Mwongozaji aliniletea ile karatasi na kalamu. Nilimrudishia kalamu. Hakushangaa. Alisema, "Mzee, watu watampenda Padre wakiona filamu hii. Si jambo baya, watu kumpenda." Nilimwambia kwamba mimi nampenda hata sasa, na hiyo ndiyo sababu siwezi kusaini. Nimemwandikia Askofu kurasa nne. Paroko alizisoma, akakaa nazo, kisha akatia muhuri bahasha kwa mkono wake mwenyewe.

Jioni nilimsihi Bibi Sindano. "Tumwache Mwimbishaji. Haoni, hana vidole, ana miaka sabini na mitatu. Alichobaki nacho ni nyimbo na Padre wake."

"Mimi uliniambia kwa kuwa nina vidole?"

"Nilikuambia kwa kuwa nilishindwa kunyamaza."

"Basi ulijiambia mwenyewe," alisema. "Huyu tutamwambia yeye. Ni mambo yake. Mmeyaweka kabatini miaka yote hii, mpeni mwenyewe."

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Tulikwenda baada ya ibada ya saa tisa. Malori yalikuwa yameondoka, yakiacha mitaro miwili ya tope mbele ya kanisa. Mwimbishaji alikuwa benchini kwake, rozari imezungushiwa kifundo cha mkono kwa kuwa hawezi kuishika.

"Ni nani? Miguu minne."

"Ni mimi," Bibi Sindano alisema, akaketi ubavuni pake, akampitishia mkono mgongoni.

"Umeacha kununa? Na huyo mwingine anayepumua kama cherehani ni Katekista?"

"Ni mimi, Mama," nilisema.

"Karibu, karibu. Nilikuwa naanza fumbo la tatu. La Padre."

Nilipiga magoti chini, kwenye saruji iliyolowa, ili uso wangu uwe usawa na wake. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu juzi, yote yakaniruka. Nilimuuliza tu, "Unakumbuka siku ulipopimwa? Ukiwa umefumba macho, Padre na ile pamba?"

"Nisikumbuke? Jambo la mwisho nililolihisi kwa ngozi nzuri hivyo!"

"Alipokupitishia kwenye nyonga. Uliihisi?"

"Niliihisi mpaka kwenye meno."

"Ulionyesha kwa kidole?"

"Nyonga yangu? Mbele yenu? Thubutu!"

Akacheka. Alicheka kwa ile sauti yake ya msichana, kichwa nyuma, kicheko kilichozunguka safu nzima ya vyumba na kurudi. Kisha kikapungua. Aligeuza uso upande wa mwenzake, akaugeuza kwangu, akitutafuta.

"Mbona hamcheki?" akauliza.